Chokoleti nyeusi ina chuma kingi kuliko nyama ya nguruwe: je, nibadilishe mlo wangu?

Mama Vipimo (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, salaam. Naomba ushauri katika jambo ambalo limezua ubishi nyumbani kwangu kwa wiki mbili sasa. Mwezi uliopita vipimo vilionyesha kwamba akiba yangu ya madini ya chuma imeshuka, ingawa sijafikia hatua ya kuishiwa damu, na daktari akanielekeza nirekebishe chakula kwanza kisha nirudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Nyama ya nguruwe naila tangu utotoni, kwa hiyo nilijihesabu kuwa salama. Ndipo mdogo wangu wa kiume akaniletea jedwali la lishe linaloonyesha kwamba gramu 100 za chokoleti nyeusi yenye kakao ya asilimia 70 hadi 85 zina takriban miligramu 12 za chuma, ilhali gramu 100 za nyama ya nguruwe iliyopikwa zina miligramu moja hivi tu. Tangu siku hiyo hanipi nafasi. Kila akinikuta jikoni huniuliza kwa nini nahangaika na kikaango wakati dawa yangu inauzwa ikiwa imefungwa katika karatasi ya kung'aa.

Ninayotaka kujua ni haya: je, jedwali hilo ni sahihi, na kama ni sahihi, naweza kupunguza nyama na kuweka chokoleti mahali pake? Naomba kuwasilisha.

Mizani ya Jikoni

Dada, jedwali halijasema uongo, ila limewapanga mstari mmoja watu wasiolingana kwa mwendo. Gramu 100 za nyama ni sahani ya kawaida ya mtu mzima, na wengi wetu huipita bila kujua. Gramu 100 za chokoleti nyeusi ni chokoleti nzima, ile kubwa, na anayeimaliza kwa mkupuo mmoja ana hamu ya pekee. Jana usiku nilipima vipande vitatu kwenye mizani yangu: gramu 28. Kwa vipande hivyo chuma kinashuka hadi miligramu 3 na ushei, ambacho bado si haba, lakini ule ushindi wa mara kumi na mbili umekwisha kuyeyuka.

Ukitaka kuuona upande wa pili wa hesabu, tazama protini. Gramu 100 za mnofu wa nguruwe usio na mafuta, hasa sarara, hukupa protini ya gramu 26 hivi kwa kilokalori zipatazo 143. Chokoleti ina protini ya gramu 8 tu kwa kila gramu 100, na kilokalori zake zinakaribia 600. Ili upate protini ileile kwa njia ya chokoleti, utalazimika kula zaidi ya gramu 300, yaani kilokalori zipatazo 2,000, ambazo ni chakula cha siku nzima kwa wanawake wengi. Kwa hiyo neno "badala ya" lifutwe kabisa katika mjadala huu, kwa sababu hivi viwili havikai katika nafasi moja ya mlo.

Mwana Kakao

Naomba nisimame upande wa mdogo wake mleta mada, maana naona chokoleti inataka kuhukumiwa kama peremende. Katika gramu 30 tu kuna magnesiamu ya miligramu 68 hivi, na sahani nzima ya nyama ya nguruwe haifiki nusu yake. Kuna nyuzinyuzi zaidi ya gramu 3, ilhali nyama haina hata chembe. Kuna shaba kwa wingi, na shaba ndiyo inayousaidia mwili kuisafirisha na kuitumia hiyo chuma tunayoigombania. Tena Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikubali mwaka 2012 kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao, yaani kemikali fulani za asili zilizomo ndani yake, kwa siku husaidia mishipa ya damu kubaki na unyumbufu wake. Hilo huwezi kulisema kuhusu nguruwe.

Nakiri jambo moja: flavanoli hizo hutegemea namna kakao ilivyotengenezwa. Kakao iliyotiwa magadi ili kupunguza uchungu hupoteza sehemu kubwa ya flavanoli, hata kama karatasi ya nje imeandikwa asilimia 70 kwa herufi za dhahabu. Geuza upande wa nyuma usome yale maandishi madogo. Ukikuta imetajwa kwamba kakao imesindikwa kwa alkali, yaani hayo magadi, basi umenunua rangi na ladha zaidi kuliko flavanoli.

Bibi Lishe

Nimefanya kazi ya kupanga milo ya wagonjwa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na suala hili la chuma nimelieleza mara zisizohesabika, kwa hiyo mniruhusu nirefushe kidogo. Kuna chuma kilichomo katika chakula na kuna chuma kinachoingia mwilini, na kati ya hivyo viwili upo utumbo mwembamba, ambao ni bawabu mkali. Katika nyama, sehemu ya chuma imefungwa ndani ya hemu, ile ile inayoipa damu wekundu wake, na chuma cha namna hiyo hufyonzwa kwa kiasi cha asilimia 15 hadi 35, bila kujali sana umekula na nini. Chuma cha mimea, na kakao ni mmea, hufyonzwa kwa asilimia 2 hadi 20 kutegemea kilichomo sahanini. Kwa bahati mbaya kakao imejaa polifenoli, kemikali za asili za mimea, ambazo hukishika chuma na kukizuia kupita, kama zifanyavyo zile za chai na kahawa. Hizo flavanoli anazozisifia Mwana Kakao ziko katika ukoo huohuo. Kinachoinufaisha mishipa yako ndicho kinachokubania chuma chako.

Sasa msije mkadhani kwamba nimempa nguruwe ushindi. Nyama ya nguruwe huhesabiwa miongoni mwa nyama nyekundu, lakini kwa chuma ni maskini, na hata ukifyonza theluthi ya hiyo miligramu moja hujafika mbali, kwa kuwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi anashauriwa kupata miligramu 18 kwa siku katika chakula. Sifa yake ya kweli iko kwingine, nayo ni vitamini B1: sahani moja ya mnofu humpatia mwanamke zaidi ya nusu ya mahitaji yake ya siku, na nyama ya ng'ombe haiisogelei. Aongeze hapo vitamini B12, zinki na seleniamu.

Ila nyama ina kazi ya pili ambayo jedwali halina safu ya kuionyesha. Ikiliwa pamoja na maharage, dengu au mboga za majani katika sahani moja, huusaidia utumbo kufyonza chuma cha mboga hizo pia. Vitamini C hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo kamulia limau juu ya mboga au maliza kwa chungwa. Chokoleti, chai na kahawa zisubiri saa moja au mbili baada ya mlo huo. Nimewahi kuwa na mgonjwa aliyekuwa akila vizuri kuliko wote wodini na chuma chake hakipandi; siku moja nikamkuta anashushia kila tonge kwa chai nzito ya rangi. Tuliihamishia chai saa kumi jioni, na mengine yote tukayaacha kama yalivyokuwa.

Fundi Kikaango

Mengi yamesemwa, mimi naongeza la mafuta tu, kwa sababu tunataja "nyama ya nguruwe" kana kwamba ni kitu kimoja. Sarara ina mafuta ya gramu 3 hadi 4 kwa kila gramu 100, ilhali nyama ya tumbo ikiwa mbichi ina zaidi ya gramu 50, yaani inaipita hata chokoleti yenyewe, ambayo ina gramu 43 hivi. Acha kikaango ulichopikia tumbo kipoe usiku kucha, asubuhi utakuta tabaka jeupe unaloweza kulichota kwa kijiko.

Mafuta ya kakao yana asidi zilizoshiba kwa wingi, lakini karibu theluthi ya mafuta yote ni asidi ya steariki, ambayo haipandishi lehemu mbaya ya damu kama wenzake. Hilo ni la kweli, lakini kilokalori hazipungui kwa sababu hiyo. Na nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, ni habari nyingine kabisa: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka mwaka 2015 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa katika kundi la vinavyoelekea kuisababisha, ambalo ni daraja la chini yake.

Mama Vipimo (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Mdogo wangu amesoma uzi huu mwanzo hadi mwisho akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, na neno alilosema ni kwamba angalau jedwali lake halikuwa la uongo. Nimeamua mnofu wa nguruwe uingie pamoja na maharage mara mbili tatu kwa wiki, na vipande viwili vya chokoleti vihamie jioni. Bibi Lishe, umesema nguruwe ni maskini wa chuma. Je, na maini yake?

Bibi Lishe

Hapo ndipo nilipotaka ufike. Maini ya nguruwe yaliyopikwa yana chuma cha miligramu 18 hivi kwa kila gramu 100, kwa hiyo yanaipita hata chokoleti ya mdogo wako, tena sehemu yake ni ya hemu. Tahadhari ni kwamba gramu hizohizo 100 zina vitamini A ya zaidi ya mikrogramu 5,000, wakati mtu mzima anashauriwa asizidishe 3,000 kwa siku kwa mazoea. Kula kipande kidogo mara moja kwa wiki, kiive hadi ndani kusibaki uwekundu, na iwapo una mimba au unatarajia kuipata, uyaache kabisa na umweleze daktari wako, kwani vitamini A ikizidi hudhuru mtoto aliye tumboni. Chokoleti vipande viwili havina ubaya, ila usivile karibu na usiku wa manane, maana kakao nyingi namna hiyo ina kafeini na teobromini, na wapo ambao hukesha kwa kidogo tu.