Tupeane uzoefu: uliishije na alamu ya nyumbani isiyo na waya?

Mkazi wa Goba
Wakuu salaam. Juzi mvua imenyesha usiku kucha, kumbikumbi wakaingia ndani kama wamealikwa harusini. Saa 8 usiku king'ora kikalia. Ni kile kidude nilichonunua Kariakoo mwaka 2012: boksi jeupe lenye antena, laini ya simu ndani yake, sensa mbili za kunusa mtu, moja ya mlango na rimoti mbili. Nilishasahau kama bado kinapumua. Simu ikaita kitandani, napokea, kumbe nyumba yangu mwenyewe ndiyo inanipigia kuniambia sebuleni kuna mtu. Nimetoka na panga na bukta, sijakuta kitu. Nikategua, nikalala. Saa 9 tena. Asubuhi fundi kaangalia sekunde tano, kasema tupa, nunua kamera. Roho inaniuma. Mliowahi kuwa navyo hivi vidude, mliishi navyo vipi? Na hii ya sebuleni niifanyeje?

Chausiku
Umenikumbusha mbali! Yetu ilikuwa inalia saa 9 alasiri, kila siku, kama imeajiriwa. Mama mkwe akasema kiwanja kina wenyewe, tukaanza kutafuta mtu wa kuja kusoma dua. Kumbe muda ule jua linaingia dirishani, linapiga pazia, na feni inalipeperusha. Sensa inaona kitu cha moto kinatembea. Tukaihamishia kona ya pili, mgongo wake ukawa dirishani, majini yakahama siku ileile. Dua tulisoma hata hivyo.

Bodaboda Mstaafu
Tupa. Fuga mbwa.

Fundi Sumaku
Mkuu wa Goba, kumbikumbi hao ndio majibu yako. Sensa zile haziangalii sura, zinaangalia joto linalohama kutoka kipande kimoja cha kile kioo cha plastiki kwenda kingine. Mdudu akitua juu ya kioo chenyewe, kwa sensa ni kama jitu limepita sebuleni. Mjusi akija kumla kumbikumbi, ndiyo kabisa. Fungua, futa kwa kitambaa kikavu, ziba matundu ya nyuma kwa silikoni. Na hiyo betri ya volti 9 umebadilisha lini? Betri ikichoka sensa nyingine zinaanza kulia ovyo, nyingine zinakaa kimya.

Mkazi wa Goba
Betri... 2016? Tuseme 2016.

Kijiti
Hahahaa, betri ina umri wa kuanza shule.

Fundi Sumaku
Na ya mlangoni ni ile fupi ya volti 12, imeandikwa 23A. Ukifungua mlango tazama kataa kake kekundu. Kakiwaka kwa kufifia, badilisha. Sensa hizi za zamani zinasema tu, hazisikii. Zikifa, boksi halina habari, linaendelea kukuonyesha kila kitu salama. Mtu analala miaka miwili analindwa na plastiki.

Mzee wa Tabata
Nimesoma hapo na moyo umenidunda, wacha niseme. Hili sijawahi kumsimulia mtu.

Mwaka 2013 nilifunga hicho kidude, rimoti moja nikabaki nayo, ya pili nikampa mlinzi. Mlinzi alikuwa mzee wa watu kutoka kusini, mpole, anaswali, hanywi. Baada ya kama miezi minne nikaanza kuona kitu. Usiku saa 4 natega mwenyewe, nasikia ile sauti ya boksi, nalala. Nikiamka saa 12 nakuta imeteguliwa. Siku ya kwanza nikasema labda nimesahau. Siku ya tatu nikaanza kumtazama mzee vibaya. Wiki ya pili nikamwita, nikamuuliza nani anategua alamu yangu alfajiri. Akasema, "Mwanangu, mimi hata kukibonyeza hicho kidude naogopa, nisije nikaamsha mtaa." Nikamnyang'anya rimoti. Kesho yake, imeteguliwa.

Hapo ndipo akili yangu ilipoharibika. Nikaona huyu ana rimoti nyingine kaichongesha, anawaandalia watu njia. Nikamfukuza siku hiyohiyo, tarehe 14, nikampa nusu mwezi. Alikunja mkeka wake, akaaga watoto, akaondoka kwa miguu.

Na alamu ikaendelea kuteguka. Wiki tatu mzima. Mke wangu akaniuliza, sasa leo nani? Sikuwa na jibu.

Jumapili moja nimesimama getini, jirani wa nyumba ya tatu anarudi na gari. Akatoa rimoti mfukoni, akabonyeza kuelekea kwake. Boksi langu ndani likalia piip. Nikamwomba abonyeze tena. Piip. Alinunua duka lilelile, baada ya kuona kibandiko changu getini. Na yeye anatoka kazini kwake saa 11 alfajiri, anategua ya kwake, anategua na ya kwangu.

Kijiti
Chai hii, na sukari haijakolea. Kila rimoti ina kodi yake, yaani namba yake ya siri, wewe unatuambia jirani alifungua ya kwako kwa bahati?

Fundi Sumaku
Kijiti, kaa chini. Zile za mwanzo nyingi zilikuwa na chipu ya PT2262. Kodi unaitengeneza mwenyewe kwa kulehemu: miguu minane, kila mmoja unauunganisha juu, unauunganisha chini, au unauacha unaning'inia. Hesabu yake inatoka 6,561. Nyingi kweli, lakini kama zote zimetoka boksini miguu inaning'inia na fundi hakugusa kitu, basi mtaa mzima una ufunguo mmoja. Na zote zinaongea masafa yaleyale ya megahezi 433. Nilishafunga nyumba mbili Sinza nikakuta hilihili. Zilizofuata, za EV1527, kila moja inatoka kiwandani na namba yake, zaidi ya milioni moja, boksi ndilo linafundishwa kuzitambua.

Kijiti
Sawa, chai nimeinywa.

Nuru ya Pwani
Tuache chipu kwanza. Mzee wa Tabata, ulimtafuta yule baba?

Mzee wa Tabata
Namba yake haikupatikana.

Nuru ya Pwani
Kwa hiyo miaka yote hii unadaiwa nusu mwezi na samahani.

Bodaboda Mstaafu
Mwacheni mwenzenu. Na wewe ungemshuku huyohuyo, mwenye rimoti ni yeye.

Nuru ya Pwani
Ningeuliza kwanza kabla ya kumfukuza mtu na mkeka. Mbona jirani hakushukiwa? Kwa sababu ana gari.

Bodaboda Mstaafu
Haya sasa, uzi wa sensa umegeuka baraza la usuluhishi.

Mzee wa Tabata
Anasema kweli, usigombane naye.

Mkazi wa Goba
Jamani poleni, lakini mimi na sensa yangu? Nimefungua. Ndani nimekuta mayai mawili ya mjusi na mende mmoja mkavu. Nimeyatoa, nimeweka betri mpya. Sasa haioni mtu kabisa, napita mbele yake kama hayawani.

Chausiku
Hahahaha umeiua!

Fundi Sumaku
Hujaiua. Ukiweka betri iache dakika mbili itulie, usipite mbele yake. Halafu zile za zamani zikishaona mtu mara moja zinalala dakika kadhaa kutunza betri, kwa hiyo ukiijaribu kwa kupitapita utasema mbovu. Ondoka chumbani, nenda kanywe maji, rudi. Jambo jingine: usiijaribu mchana wa Februari. Chumba kikifika joto la mwili, mtu na ukuta vinafanana, inakuona kwa shida.

Kijiti
Kwa hiyo Februari wezi ruksa.

Shemeji wa Mwananyamala
Na mimi nichangie kidogo. Yangu sensa ya jikoni ilikuwa haifiki kwenye boksi, ukuta wa zege na mlango wa chuma katikati. Nikatoa kiantena cha ndani, nikalehemu waya wa sentimita 17. Ikafika. Halafu ile ya mlangoni usiibandike moja kwa moja kwenye geti la chuma, sumaku inapoteza nguvu. Weka kipande cha mbao katikati.

Bodaboda Mstaafu
Sentimita 17 za waya, mbao, silikoni, betri mbili. Mbwa anakula ugali.

Mama Pili
Habari zenu. Sijui kama hapa ni mahali pake. Hizi alamu zina sehemu ya kurekodi sauti sekunde kumi, ndiyo inayokusomea ikikupigia. Ya kwetu alirekodi marehemu mume wangu: "Mama Pili, amka, kuna mtu nyumbani, usitoke nje." Alifariki 2018. Mwezi wa tatu baada ya msiba paka aliingia stoo, simu ikaniita usiku, nikapokea. Sitaeleza nilivyokuwa. Wanangu walitaka kuing'oa, nikakataa. Mpaka leo laini yake naiwekea vocha isije ikafungiwa. Swali langu kwa fundi: betri ya ndani ya boksi imevimba, nataka ibadilishwe. Nikikata umeme, ile sauti itafutika?

Fundi Sumaku
Mama, pole sana. Usiguse chochote kwanza. Tega, mtu apite mbele ya sensa, boksi likupigie. Pokea kwa simu moja weka spika, rekodi kwa simu ya pili. Rekodi mara tatu. Sauti nyingi hazifutiki umeme ukikatika, ila kuna maboksi yanafuta, na la kwako sijaliona. Ukishakuwa na nakala, ndipo tubadilishe betri. Na usimwite fundi anayetaka kubonyeza kitufe cha kuanza upya.

Mama Pili
Ahsante baba. Nitafanya kesho mchana, usiku siwezi.

Mkazi wa Goba
Nimetoka, nimekunywa maji, nimerudi. Imelia. Mtaa mzima umeamka.