Naomba ushauri: pua haikauki, na vipimo vya mzio havionyeshi kitu

Assalamu alaykum, ndugu zangu.

Huu ni mwezi wa nane pua inanitiririka maji matupu, asubuhi ikiziba upande mmoja na jioni upande wa pili, wala sina homa wala kuwashwa macho. Nilichomwa ngozi ya mkono kupimwa mzio, na si vumbi si manyoya ya paka yaliyoonyesha kitu. Daktari akanieleza kwamba pua huweza kuvimba ndani bila mzio wowote, kwa mabadiliko ya joto, moshi, manukato makali, pilipili, homoni za ujauzito, au hata aspirini na baadhi ya dawa za shinikizo la damu.

Ofisini, Barabara ya Moi, kiyoyozi hunipulizia usoni, na nikitoka tu kwenye jua la saa saba natafuta leso. Nyumbani Mji wa Kale mama hufukiza udi kila Alhamisi jioni, nami sithubutu kumwambia aache.

Ninayoishuku zaidi, hata hivyo, ni dawa ya kuzibua pua niliyojinunulia dukani, ambayo nimejipulizia wiki sita ilhali karatasi yake yasema isizidi siku chache, kwani ikizidi pua huvimba upya kila nguvu yake inapoisha. Aliyewahi kuiacha, aliiacha ghafla au tundu moja kwanza? Na kusafisha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa, kulimsaidia? Miadi yangu na daktari ni baada ya wiki mbili.