Mikoko tuliyopanda imekufa karibu yote. Turudie pale pale?

KatibuNgambo

Shikamooni wakubwa, wengine habari za huko mliko.

Mimi ni katibu wa kikundi cha mazingira, kijiji chetu kipo kwenye Ghuba ya Mikindani. Kijiji sikitaji maana mwenyekiti wangu naye huwa anapita humu.

Mwaka jana mwezi wa tatu tulipanda mikoko. Walikuja wageni na fulana, maji ya chupa na kamera. Kazi yote siku moja. Tulipanda kwenye ule uwanja mpana wa tope mbele ya msitu, upande wa baharini, pale maji yakikupwa watoto wanacheza mpira. Mbegu elfu mbili, nina uhakika kwa sababu viroba niligawa mimi. Mbegu zilinunuliwa kwa wanakijiji, shilingi mia kila moja.

Juzi kwenye bamvua, siku za maji makubwa, nilishuka na daftari. Miche hai kumi na tisa. Kumi na moja kati ya hiyo ipo kona moja tu, jirani na mkondo. Kwingine kote ni vijiti vyeusi vimesimama, ukivuta kinatoka laini kama muhogo uliooza. Vingine vimevaa yale magamba madogo meupe yanayokata miguu, yanayoota chini ya mashua, mpaka kijiti kimelala kwa uzito.

Wafadhili wanarudi mwezi ujao. Mwenyekiti anataka tupande upya pale pale, safari hii elfu tano. Nafsi yangu inakataa lakini hoja sina. Ni mbegu? Ni msimu? Ni kaa?

Halafu nyuma ya kijiji kuna shamba la chumvi lililoachwa tangu nipo darasa la nne. Hakai mtu, hauoti mti. Michu, aina mojawapo ya mikoko, imesimama mikavu kama mifupa. Kuna waliosema tupande huko. Naombeni mawazo.

Rasi_Mpya

Mwenyekiti akisoma hapa umekwisha 😂

Kaa hao. Sisi huku Msimbati tunawajua, mbegu ukiichomeka jioni asubuhi wameshaikata. Pandeni nyingi, zitakazobaki zibaki. Nyie angalau hampo ndani ya hifadhi ya bahari, huku kwetu tangu 2000 kila kitu ni mpaka upige hodi kwa watu wa hifadhi kwanza.

FundiTaruma

Katibu, mdogo wangu, usimsikilize huyo wa kaa. Kaa akikata mbegu anaiburuta shimoni kwake, huikuti. Wewe umekuta vijiti vimesimama vimeoza. Mikoko yako imezama.

Nijitambulishe kidogo ili ujue nasema kutoka wapi. Nipo Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini, ukivuka na pantoni tu umefika. Ni fundi wa mashua, nina miaka sitini na moja, na siwezi kudanganya hapa: nimekata mikoko mingi kuliko aliyowahi kupanda mtu yeyote kwenye jukwaa hili. Zamani tulikata tu, sasa bila kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, hukati, na ni sawa. Lakini mtu anayetafuta mataruma, yaani mbavu za mashua, anaujua msitu kwa miguu. Nikitaka mti uliopinda wa taruma naenda mbele kabisa, kwa baharini, kwa mlilana. Nikitaka boriti naingia ndani, kandokando ya mikondo, kwa mkoko wenyewe, ule hasa wenye jina hilo. Fito za mkandaa zipo nyuma zaidi, kwenye ardhi iliyokaza. Mchu unaukuta mwishoni, maji yanapofika siku za bamvua peke yake, ingawa huo ni mti wa ajabu, na mbele nako unaweza kuukuta.

Sasa nyie mmefanya nini? Mmemchukua mtu wa chumbani mkamlaza nje ya ua. Mkoko haukai mbele ya mlilana. Tena mmeupeleka mbele ya msitu wote! Na najua kwa nini ulichaguliwa mkoko: mbegu yake ni ndefu, unachomeka tu, hata mgeni aliyeshuka kwenye gari dakika tano zilizopita anaweza. Mbegu ya mlilana ni punje ndogo ndani ya tunda, haipendezi kwenye picha.

Fanya jaribio hili kabla hujamjibu mwenyekiti. Subiri siku maji yanajaa. Wewe simama kwenye shina la mti wa mwisho wa mbele, mwenzako asimame na fimbo pale mlipopanda. Maji yakigusa tu shina lako, piga kelele, naye akate alama kwenye fimbo. Hiyo alama ndiyo tofauti ya kimo. Ikimfika gotini na kuendelea, mche wa shubiri mbili utashinda chini ya maji muda mrefu mno kila siku. Maji yetu ya kusini bamvua linapanda mita tatu na zaidi, si mchezo. Mche uliozama hivyo haupumui, na yale magamba meupe nayo yanapenda kijiti kinachokaa majini muda mrefu. Ndiyo maana umeyakuta.

Halafu kamuulize mzee yeyote hapo kijijini: ule uwanja wa tope ulikuwa na miti lini? Akikuambia "haujawahi", basi ujue bahari ilishajibu zamani.

Nikuulize na mimi. Hizo mbegu mlizonunua, ziliokotwa chini au zilichumwa mtini?

KatibuNgambo

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu.

Kusema kweli zilichumwa. Ile bei ya mia moja ilipotangazwa watu waliingia na mijiti wakawa wanaangusha. Mtu mmoja alileta viroba viwili kwa asubuhi moja. Zilikuwa kijani kabisa.

FundiTaruma

Marahaba.

Basi umepata la pili. Mbegu ya mkoko inaota ikiwa bado juu ya mti, mama yake anailea. Ikikomaa, pale inapokutana na lile tunda la kahawia panatokea kola ya manjano, upana wa kucha. Ukiishika na kuzungusha kidogo inaachia yenyewe. Isipokuwa na kola, hiyo ni mimba changa. Itakaa kijani wiki kadhaa ikudanganye, halafu ioze.

MamaTondo

Nimemsoma huyu fundi kwa furaha maana angalau amekiri kukata. Wenzake hawakiri.

Mimi nipo Sudi. Katibu, mwanangu, hilo tope mnaloita uwanja wa mpira, maji yakikupwa si kuna kina mama wanapita na ndoo? Uliwauliza? Huku kwetu walikuja hivyo hivyo, wakachomeka vijiti pale tunapochokoa kombe, wale chaza wa kula, halafu tukaambiwa tusikanyage miche. Mwaka mzima tulizunguka. Miche ikafa, na kombe hatukuokota. Anayetuomba radhi hatujamwona mpaka leo.

Na jibu lako umeliandika mwenyewe ukalipita: kumi na moja jirani na mkondo. Sisi tunaookota tondo, konokono wa topeni, tunajua, tope la ukingoni mwa mkondo limeinuka kidogo, ukikanyaga linakuzamisha mpaka kifundoni tu. Pale katikati ya uwanja unazama mpaka ugoko. Mguu wako unakwambia kimo kabla ya fimbo ya fundi.

Hilo shamba la chumvi je? Mbona hakuna aliyeligusa?

FundiTaruma

Nilikuwa naliacha la mwisho kwa sababu ndiyo kazi yenyewe.

Hiyo michu mikavu, mama, haikukatwa na mtu. Ilizungushiwa tuta, bahari ikazuiwa. Maji yaliyobaki ndani yakawa yanakauka jua likiwaka, chumvi ikizidi kila siku, na hata mchu unaovumilia chumvi kuliko ndugu zake wote una kikomo chake. Ukipanda humo leo, mche utakufa kabla ya mwezi kuandama. Humo pandisheni maji, miti itakuja.

Hapa kwetu kuna shamba la hivyo. Wenyewe waliliacha. Mvua kubwa za mwanzoni mwa 2020, zile za mafuriko Lindi na Kilwa, zikalikata tuta sehemu moja. Hakuna aliyelipanda. Bahati nzuri lilikatikia pale pale ulipokuwa mdomo wa mkondo wa zamani, kwa hiyo maji yakaingia na kutoka yote, hayakutuama. Mara ya kwanza niliyoona kitu nilikuwa natafuta mbuzi: punje za mchu, zile nene kama kunde iliyolowekwa, zimeganda kwenye mstari wa takataka za maji. Zimeshavua ganda, zina vijimizizi. Sasa ukipita humo matawi yanakufika kifuani. Mkandaa umeingia wenyewe nyuma yake. Mbuzi ndiye aliyetusumbua kuliko kaa, mchu anaupenda sana.

Kwa hiyo tafuta ulipopita mkondo wa zamani. Fuata mstari wa visiki vikubwa zaidi, ndipo maji yalipokuwa yanatembea. Tuta mkalikate hapo, sio popote. Mkikata pabaya mtatengeneza dimbwi la mbu.

Ila usiende na jembe usiku. Chumvi kisheria ni madini, shamba linaweza kuwa na leseni ya mtu hata kama hajaonekana miaka yote hiyo. Na mikoko ni hifadhi ya serikali, ipo chini ya TFS. Anza na serikali ya kijiji, muhtasari uandikwe, halafu barua kwa TFS na halmashauri. Inachosha, najua.

Rasi_Mpya

Sawa fundi, nimenyamaza. Lakini kaa nao wapo bwana.

KatibuNgambo

Mrejesho. Leo maji yamejaa saa kumi. Nilisimama kwenye mlilana wa mwisho, mdogo wangu kasimama na fimbo. Maji yaliponigusa yeye yalikuwa yamempita goti, yapo nusu ya paja, na ndiyo kwanza yanapanda. Nimempelekea mwenyekiti ile fimbo nyumbani kwake. Aliigeuzageuza, akaniuliza kama wafadhili watakubali kupiga picha ya tuta lililokatwa.

Kuhusu kina mama, MamaTondo, sikuwauliza. Nimewauliza leo. Nimetukanwa vya kutosha.

Kuna mzee mmoja aliyekuwa akikokota chumvi kwenye lile shamba, anasema mdomo wa mkondo anaukumbuka, ulikuwa chini ya mkomafi mmoja, nao ni jamii ya mikoko, ambao kisiki chake bado kipo. Tunaenda naye Jumamosi. Mwenyekiti kasema atakuja. Kauliza kama fulana zimebaki.