Uvimbe kwenye ubongo uzeeni: tupeane uzoefu, Kigoma na Tabora

Kibirizi, Kigoma
Habari zenu. Nina miaka 66, nauza dagaa tangu usichana. Mwaka juzi wateja walianza kuniambia, "Mama, hawa wamevunda." Nainua fungu hadi puani, sisikii chochote. Nikasingizia mafua. Siku moja mawese yakaungua jikoni moshi ukatanda, na mimi nimekaa palepale kwenye kigoda nachambua maharage. Mjukuu ndiye aliyekuja mbio. Wakati huo kichwa kinaniuma kila alfajiri. Nimetibiwa malaria, nimetibiwa presha, jirani akaniletea na mtu wa kunisomea (alikula kuku wangu, huyo). MRI ya Dar, kile kipimo cha kupiga picha ubongo, ndiyo iliyosema: meninjioma, uvimbe wa kwenye utando wa ubongo, umekalia mishipa ya kunusia. Si saratani, na hukua polepole, pengine miaka. Nimepasuliwa, kichwa kimetulia. Harufu ndiyo haikurudi. Nani mwingine yamemkuta?

Isevya, Tabora
Shikamoo mama. Mzee wangu mkono wa kushoto ulilegea, sote tukasema kiharusi. Kumbe uvimbe. Ila kilichotutesa zaidi ni vile vidonge vya deksamethasoni vya kupunguza maji kwenye ubongo. Usingizi hana! Saa nane usiku anadai ugali na kisamvu, akinyimwa ananuna kama mtoto. Sukari ikapanda, na hakuwahi kuwa nayo. Mwenye mgonjwa aulize mapema kuhusu sukari. Na dawa hizo msizikate ghafla, daktari huzipunguza kidogokidogo.

Kasulu
Mimi nina hasira. Baada ya upasuaji nilipewa dawa za degedege, hakuna aliyenieleza ni za muda gani. Zikaisha, nikajiona mzima, nikaacha. Nimeangukia kwenye migomba, jembe mkononi. Sasa nimerudi kwenye dawa, na baiskeli kijana wangu kaifungia stoo. Huyo nimemsamehe, lakini baiskeli naitaka.

Urambo
Poleni wakubwa. Kule Dar mlifikia wapi? Mama yangu kapewa rufaa.

Kibirizi, Kigoma
Marahaba wa Isevya. Wa Urambo, mimi nilifikia kwa mdogo wangu Buguruni, wiki sita, chakula juu yake. Picha za vipimo usiziache kwa mtu, zibebe mwenyewe kila kliniki. Wa Kasulu, baiskeli iache kwanza, baba, mpaka daktari aseme. Mimi dagaa siku hizi ananinusia binti yangu, na kila akikunja pua nashusha bei.