Naomba ushauri: kapo yangu ya gitaa mbele ya wawekezaji kwenye televisheni

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimetengeneza kapo, yaani kile kibano kinachobana nyuzi kwenye shingo ya gitaa ili mpigaji apandishe ufunguo, yaani kimo cha sauti za wimbo, bila kubadili mpangilio wa vidole, na nimealikwa kuieleza mbele ya wawekezaji katika kipindi cha televisheni cha aina ya Shark Tank. Kapo nyingi za springi hubana kwa nguvu isiyorekebishika, hivyo nyuzi huvutika na sauti kupanda kidogo kupita inavyotakiwa. Yangu ina skrubu ndogo chini ya kidole gumba, ambayo mpigaji huizungusha mpaka nyuzi ziache kukwaruza, kisha anaiacha hapohapo.

Wasiwasi wangu ni kwamba mwekezaji asiyepiga gitaa huenda asiisikie tofauti hiyo. Je, nipige kipande kilekile kwa kapo mbili, au nimpe yeye mwenyewe azungushe skrubu huku kifaa cha kupimia sauti kikionekana kwenye skrini? Mimi naelekea njia ya pili.

Suala la hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ndilo linaloninyima usingizi, kwa kuwa katika nchi nyingi uvumbuzi ulioonyeshwa hadharani kabla ya ombi kuwasilishwa hupoteza sifa ya kuwa mpya, ingawa Marekani humpa mvumbuzi miezi 12. Je, niwasilishe ombi kamili kabla ya kurekodi, au ombi la muda, yaani la awali linaloshikilia tarehe kabla ya ombi kamili, linatosha? Pia, nikiomba fedha kwa asilimia 10 ya hisa, nitakuwa nimeithamini kampuni mara 10 ya fedha hizo, nami bado sina mauzo ya kuitetea thamani hiyo. Aliyewahi kupitia majadiliano kama haya, alianzia wapi?