Mafundi wa mabango Lamu, hizi herufi za majarida mnatuharibia biashara!

Wanajamvi, leo lazima niseme. Boti yangu NEEMA inabeba watu Mokowe, Manda na Shela. Nikampa dizaina mmoja wa hapa mjini kazi tatu: jina la ubavuni, kadi zangu, na menyu ya mkahawa wa dada yangu. Zote kazitia fonti moja ya jamii ya Bodoni, nguzo nene huku mistari ya kuziunganisha ni myembamba kama unywele. Kumuuliza, ananiambia, "Hii ndiyo ya kifahari, ndugu yangu, tazama Vogue."

Haya, Vogue, lile jarida la mitindo. Jalada lake ni karatasi laini, jina moja kubwa, nawe umelishika mkononi. Boti husomwa kutoka gatini, jua la saa saba likipiga majini! Katika herufi hizo N ina nguzo mbili nyembamba na mshazari mnene. E imebaki na mgongo tu. A, mguu wa kushoto haupo. Abiria anaambiwa kwa simu atafute NEEMA, anatupita akitutazama, anapanda ya jirani. Na stika yenyewe haikudumu: vile vijistari havina upana wa kushika gundi, chumvi na kusi vikavibandua, jina likabaki vigogo.

Wallahi kinachoniudhi ni kwamba anauza kitu asichokijua. Giambattista Bodoni kule Parma na akina Didot wa Paris walichonga herufi hizi mwishoni mwa karne ya 18, karatasi ilipokuwa laini na uchapaji umeboreka kiasi cha kubeba mstari mwembamba. Tena enzi hizo kila saizi ilichongwa peke yake. Hata Jonathan Hoefler, mchora fonti Mmarekani, alipochora fonti ya Didot ya jarida la Harper's Bazaar, 1991, alitoa matoleo mbalimbali kulingana na saizi, ili ile mistari isipotee maandishi yakiwa madogo. Huyu wetu kachukua toleo la vichwa vya habari, akalibana kwenye kadi hadi namba yangu ya simu ikawa vumbi.

Menyu ndiyo balaa. Maandishi meupe juu ya weusi! Wino umetambaa ukaziba mistari yote, wageni wanamulika tochi za simu kutafuta bei ya samaki wa kupaka. Dada kachoka kuwasomea.

Nimemwambia kichwa cha menyu akiache, pale juu kwa ukubwa ule kinapendeza, sikatai. Bei na namba za simu azipe herufi nene za kawaida, na jina la boti alirudie. Anataka pesa upya! Ya stika, ya kukata, na ya "ubunifu". Ubunifu gani?

Simlipi hata shilingi. Kama kuna anayemjua mzee yeyote ambaye bado anaandika majina ya mashua kwa brashi, Lamu au Matondoni, aniandikie faragha.