Msaada: sababu za tabianchi nimezikariri, nikipewa jedwali nakwama

Daftari_Tupu
Wakuu, salaam. Nina mtihani wa jiografia wiki ijayo. Tabianchi naijua: wastani wa hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi. Sababu zake nazitaja bila kuvuta pumzi: latitudo, mwinuko, umbali kutoka baharini, mikondo ya bahari, pepo, milima. Jana tukapewa jedwali. Mji wa Quito (Ecuador) wastani wa joto nyuzi 14 hivi, Manaus (Brazil) 27, na yote iko jirani na ikweta. Eleza tofauti. Nikaandika "latitudo". Mwalimu kazungushia kalamu nyekundu: "Soma swali." Nikariri nini tena?

MzeeWaRamani
Usikariri kitu. Sababu iliyo sawa pande zote mbili haiwezi kuleta tofauti, kwa hiyo latitudo ifute kwanza. Sasa tazama mwinuko: Quito iko mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Manaus haifiki 100. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Umemaliza.

Daftari_Tupu
Mkuu, nimepiga hesabu. Tofauti inakuja karibu nyuzi 18, na jedwali linasema 13!

MzeeWaRamani
Safi, wengi hawapigi. Hiyo 6.5 ni ya hewa iliyo huru angani. Quito imekaa bondeni katikati ya milima, na ardhi yenyewe inapigwa jua na kuipasha hewa iliyo juu yake. Kanuni inakupa mwelekeo, usiitegemee kwa desimali.

Binti_Pwani
Jaribu na hii: Edinburgh na Moscow, latitudo karibu 56 Kaskazini zote. Januari Edinburgh wastani uko juu ya sifuri, Moscow chini kabisa. Maji hupata joto polepole na hulipoteza polepole, na pepo za magharibi zinaibebea Edinburgh joto la Atlantiki. Moscow bahari iko mbali mno.

Kisoda
Kwa hiyo ukikaa karibu na bahari una mvua. Rahisi.

Binti_Pwani
Jangwa la Namib linagusana na bahari, ndugu yangu. Mkondo wa bahari unaopita hapo, wa Benguela, ni wa baridi. Hewa ya chini inapoa, inakuwa nzito, haipandi. Ukungu unaupata, mvua huipati. Huu ndio mtego wanaoupenda watunga mitihani.

Kisoda
Haya. Ila wiki hii baridi imezidi, tabianchi si imeshabadilika?

MzeeWaRamani
Wiki moja ni hali ya hewa tu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linapima kwa miaka 30, kipindi cha sasa ni 1991 hadi 2020. Na si wastani peke yake: miji miwili inaweza kupata mvua sawa kwa mwaka, mmoja ikanyesha kila mwezi, mwingine ikamalizika kwa miezi mitatu.

Daftari_Tupu
Nimejaribu swali jingine. Miji miwili, pande mbili za mlima mmoja, mmoja mvua tele, mwingine mkavu. Nimefuta latitudo, nimefuta mwinuko. Imebaki kujua upepo unatokea upande gani, na jedwali halisemi.

MzeeWaRamani
Ramani hamkupewa?

Daftari_Tupu
Ipo nyuma ya karatasi. Sikuigeuza.